Wafumaji wa Shetland na Haki ya Jasho Lao

Kaskazini kabisa mwa Uskoti, katikati ya bahari yenye dhoruba, kuna visiwa viitwavyo Shetland. Ni zaidi ya 100, lakini vingi havikaliwi na watu. Miti ni haba, maana upepo ni mkali. Na mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa sita hivi tu kila siku. Nchi ya namna hiyo hailishi watu kwa kilimo peke yake. Basi wenyeji wa zamani waliishi kwa mambo matatu: shamba dogo, samaki, na sufu ya kondoo. Leo tutazame sufu, maana hiyo ilikuwa kazi ya akina mama.

Kondoo wa Shetland ni wadogo, lakini sufu yao ni laini sana. Mwanzo wa kiangazi, sufu inapoanza kulegea yenyewe, watu waliinyonyoa kwa mikono, bila mkasi. Kisha iliwekwa mafuta kidogo, ikachanwa kwa vitana vya meno ya waya, ikasokotwa kuwa uzi kwa gurudumu. Mara nyingi wasichana wa jirani walikusanyika jioni katika nyumba moja ili kuchana sufu pamoja, na hapo palikuwa na masimulizi na kicheko.

Uzi ukiwa tayari, kazi ya kufuma ilianza. Nayo haikuwa na saa maalum. Mwanamke alivaa mshipi wa ngozi wenye matundu, akachomeka humo ncha ya sindano moja, ndipo mikono yake iliweza kufuma hata akiwa anatembea. Alikwenda kuchukua udongo mkavu wa bwawani, ambao huko huchomwa kama kuni. Mzigo ulikuwa mgongoni katika kikapu, na soksi ilikuwa mikononi. Kwa njia hiyo safari moja ilizaa kazi mbili.

Ufundi wao ulipata sifa mbali. Mwaka 1837 Arthur Anderson, mzaliwa wa Shetland aliyekuwa tajiri wa meli, alimpelekea Malkia Victoria soksi za visiwa hivyo. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, watu walistaajabia shali za Shetland. Zile za kisiwa cha Unst zilifumwa kwa uzi mwembamba hata shali pana iliweza kupita ndani ya pete ya ndoa.

Lakini sifa ni jambo moja, na chakula ni jambo lingine. Wanaume walivua mbali baharini kwa mashua za wazi zenye makasia sita. Tarehe 20 Julai 1881 dhoruba iliwakuta wavuvi wa Gloup, katika kisiwa cha Yell. Mashua 10 zilipotea, watu 58 wakafa maji. Wajane 34 na yatima 85 waliachwa. Katika siku kama hizo sindano za mama hazikuwa mchezo wa jioni; zilikuwa nguzo ya nyumba.

Na nguzo hiyo ililiwa na mchwa. Maana mfanya biashara aliyepokea shali hakulipa fedha. Alilipa vitu vya duka lake: chai, kitambaa, viatu. Bei ya shali aliipanga yeye, na bei ya chai aliipanga yeye vilevile. Mwanamke aliyehitaji unga alirudi nyumbani na chai, akamtafuta jirani wa kubadilishana naye kwa unga au viazi, naye mara nyingi alipata hasara. Jumba alilopangisha halikulipwa kwa kitambaa. Ndiyo sababu waliweza kuwa na nguo nzuri za kuvaa huku chungu ni kitupu.

Mwaka 1872 serikali ilimtuma mwanasheria William Guthrie kuchunguza mambo hayo. Wanawake walisimama mbele yake, wakaeleza kwa maneno yao wenyewe walivyolipwa, na yote yakaandikwa. Mwaka 1887 sheria mpya iliamuru kwamba hata watu wanaofuma nyumbani kwao walipwe fedha. Desturi ya zamani haikufa siku ile. Ilidumu hata karne ya 20. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, askari wengi waliokaa visiwani walinunua sweta na soksi mikononi mwa wafumaji wenyewe, kwa fedha taslimu. Hapo ndipo mwanamke alipozoea kushika mkononi thamani ya kazi yake.

Ndugu msomaji, tujifunze nini? Tumezoea kusema: haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, na wanawake wa Shetland walikijaza, tundu kwa tundu, njiani na jikoni, siku za furaha na siku za msiba. Lakini bidii peke yake haikuwatosha. Ilifaa pia kujua kibaba ni cha nani, na nani anayekipima. Wao walianza kupata haki siku waliposema waziwazi, na maneno yao yakaandikwa. Basi tunaponunua kikapu, mkeka au nguo iliyotengenezwa kwa mkono, tukumbuke kwamba saa za mtu zimo ndani yake. Tuzilipe kwa kitu ambacho yeye mwenyewe anakihitaji.