Aliyejua Bei

Mwanzo ulikuwa mnada. Tarehe 26 Novemba 1956 stesheni ya NBC ya Marekani ilianza kuonyesha The Price Is Right, mchezo wa televisheni uliobuniwa na Bob Stewart na kutengenezwa na kampuni ya Mark Goodson na Bill Todman. Mwendeshaji alikuwa Bill Cullen. Washindani wanne walikaa wakiangalia kitu kipya cha dukani, kila mmoja akapandisha dau lake mpaka ajionee limetosha. Ila hakuna aliyetoa senti mfukoni. Aliyeikaribia zaidi bei ya dukani bila kuipita aliondoka na kitu. Ukiipita hata kwa dola moja, kwisha kazi.

Hebu fikiri, msomaji. Sisi wa "bei ya mwisho shilingi ngapi, mama?" tungeuchezaje mchezo huu? Bei ya Kariakoo inategemea saa, viatu ulivyovaa, na kama muuzaji ameshauza tangu asubuhi au bado. The Price Is Right ilihitaji nchi ambako bei imeshabandikwa kwenye bidhaa kabla mteja hajafungua mlango.

Na ilizaliwa wakati mbaya. Michezo ya maswali yenye mapesa mengi ilikuwa imepamba moto, kumbe mingine ilikuwa usanii mtupu. Tarehe 2 Novemba 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia na nyota wa mchezo wa Twenty-One, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa majibu mapema. Mwaka 1960 likatungwa jambo hilo kuwa kosa la jinai. Twenty-One ilikuwa imeshazikwa. Mnada wa Cullen ulidumu, ukahamia ABC mwaka 1963 na kufungwa 1965. Mimi naona ulinusurika kwa sababu haukumtaka msomi. Bei ya sabuni mama wa nyumbani anaijua kuliko profesa, na hahitaji kunong'onezwa.

Tarehe 4 Septemba 1972 ukarudi, safari hii CBS, chini ya Bob Barker. Sasa watu waliitwa majina kutoka kwenye viti vya watazamaji, wakashuka mbio wakipiga kelele. Wanne wanasimama mstari mmoja, kila mtu anataja bei mara moja tu. Hapo ndipo ujanja ulipoingia: anayetaja mwisho anaongeza dola moja juu ya dau la mwenzake na kumfunika. Roho mbaya, lakini halali.

Gari la kwanza kushindaniwa siku ile, Chevrolet Vega, halikufika dola 3,000. Michezo kadhaa ya magari ilitengenezwa kwa bei ya tarakimu nne. Miaka ikaenda, magari yakavuka dola 10,000, vibao vikabidi viongezwe nafasi ya tarakimu ya tano. Mfumuko wa bei huo, umeandikwa ukutani.

Barker alistaafu 2007, akaja Drew Carey. Septemba 2008, katika mchezo wa mwisho wa kipindi, mshindani mmoja kutoka Las Vegas, aliyewahi kuwa mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni, aliulizwa thamani ya fungu lake zima la zawadi. Akasema dola 23,743. Ilikuwa sahihi, dola kwa dola.

Badala ya shangwe, rekodi ilisimamishwa. Waliokuwa nyuma ya kamera walihofia kuna mchezo umechezwa, na Carey mwenyewe alisema baadaye kwamba alidhani kuna mtu amedanganya. Kivuli cha 1959 hakijaondoka. Jamaa alieleza kwamba yeye na mkewe walikaa nyumbani miezi wakirekodi na kutazama, wakagundua bidhaa zinarudi zilezile kwa bei zilezile. Ukumbini alikuwemo pia mtazamaji mwingine wa miaka mingi aliyekariri bei, naye alidai namba ile aliitoa yeye.

Sasa kosa liko wapi? Kujua bei ndiko kulikotakiwa toka 1956. Makosa ya chini ya dola 250 humpa mshindi mafungu yote mawili, lake na la mpinzani, na huyu hakukosea hata senti. Akapewa yote. Kipindi kilionyeshwa Desemba 16, na humo Carey anamtangazia ushindi wake kwa sauti kavu ya karani anayesoma bili ya maji.