Visa vya Hoteli Kongwe ya Arusha

Leo tushuke mpaka kwenye mnara wa saa wa mjini Arusha. Kando yake ipo hoteli kongwe, ambayo kwa miaka mingi watu waliijua kwa jina la New Arusha Hotel. Nyumba kuukuu ya wageni haikosi visa: mlango uliofunguka wenyewe, nyayo ukumbini usiku wa manane. Hayo tumwachie mlinzi wa zamu. Sisi tutazame visa viwili vinavyoweza kupimwa.

Cha kwanza, yasemekana hoteli ilianzishwa mwaka 1894. Fikiri kidogo. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, miteremkoni mwa Mlima Meru, wakitaka kukaa. Wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha wakawaua. Ndipo Wajerumani, wakiongozwa na Kapteni Johannes, walipokuja na askari na wapiganaji wa Kichaga. Wakachoma nyumba, wakaharibu migomba, wakateka ng'ombe. Boma lao la Arusha lilijengwa mwaka 1899 na 1900, kwa kazi ya kulazimishwa. Basi mwaka 1894 ni mgeni gani angelala hapo, na nani angemtandikia kitanda? Mimi naona tarehe hiyo ni ya kuwafurahisha wageni tu, mpaka mtu atuonyeshe hati.

Kisa cha pili chasema kwamba hapo penye mnara na hoteli ndipo katikati kamili ya safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Chukua ramani. Cairo iko digrii 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town karibu digrii 34 kusini. Nusu ya njia ni digrii 2 kusini. Arusha iko kusini zaidi, imepita kwa kilometa 150 hivi; Nairobi imekaribia kuliko Arusha! Tena ukivuta uzi moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, katikati yake itaangukia misituni Kongo. Lakini kisa hiki kina asili yake. Waingereza wa zama za Cecil Rhodes waliota njia ipitayo katika nchi zao tupu, toka kusini hata kaskazini, na koloni la Wajerumani likawaziba. Walipoitwaa Arusha mwaka 1916, ndoto ilipata nafasi.

Sasa, ukiniuliza kama nchi hii ina wafu wasiotulia, sitacheka. Mwaka 1900 viongozi wa Wameru na Waarusha walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli. Yasemekana kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta miaka mingi. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha undugu kati ya mafuvu machache yaliyohifadhiwa huko na watu walio hai Tanzania.

Kutoka hotelini hadi Boma, ambalo baadaye lilifanywa makumbusho, ni mwendo mfupi kwa miguu. Nenda ukalitazame. Kisha, kama nyumbani kwenu yupo mzee wa Kimeru au wa Kiarusha, muulize kwa adabu alisikia nini kwa babu zake: nani walibeba mawe, na nani hawakurudi. Majina atakayoyataja yaandike daftarini, uyalete kikundini tutakapokutana kwa somo lijalo.