Chungu Kilichobaki Bila Nyumbu

Mtu akihama hubeba nini? Wengi watajibu haraka: lugha. Sasa tazama Waikoma wa wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Wazee wao husimulia kwamba asili yao ni Sonjo, upande wa mashariki, na kwamba aliyetangulia kuja alikuwa mwindaji. Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, bado wapo huko wilayani Ngorongoro, wakilima kwa mifereji ya maji. Katikati ya ndugu hawa leo kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Lakini ukiwauliza wanaisimu, mambo yanageuka. Kibatemi wanakiweka karibu na Kikikuyu. Kiikoma wanakiweka na Kinata, Kingoreme na Kikurya, yaani lugha za majirani wa Mara hadi Tarime. Kwa hiyo lugha inasema jambo moja na simulizi linasema lingine. Mimi sioni haja ya kumwita yeyote mwongo. Wageni huoa, huolewa, huchukua lugha ya wenyeji, na baada ya vizazi kadhaa kinachobaki ni hadithi ya safari na namna ya kula.

Na chakula kiko ndani kabisa ya simulizi za huku. Wanata, majirani wa Waikoma, husimulia mwanzo wao kupitia mwanamume mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima. Huyu ana nyama, yule ana nafaka. Kabila linaanzia hapo, kwenye chungu kimoja. Ukiwaondolea nyama, umeikata hadithi nusu.

Nyama yenyewe hasa ilikuwa ya nyumbu. Kila mwaka makundi hupita magharibi mwa Serengeti yakielekea kaskazini. Watu waliwinda, wakala mbichi yake kwa ugali wa ulezi au mtama, na iliyobaki wakaikata vipande, wakaianika ikauke. Ile nyama kavu ilikuwa akiba. Miaka ya 1890 sotoka ilipofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na njaa na uvamizi vikafuata, aliyejua kuishi na pori alikuwa na pa kukimbilia.

Basi ikaja sheria. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 ikatoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, iliyopata tuzo ya Oscar, na dunia ikajifunza kuiona Serengeti kama nchi ya wanyama. Mwaka 1981 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1994 yakaongezwa mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, jirani kabisa na vijiji. Kumbe wakati huohuo nyumbu walikuwa wameongezeka kupita kiasi cha kawaida: chanjo ya sotoka kwa ng'ombe iliwaokoa na wao, wakatoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wakajaa, chungu kikakauka. Alichokula babu kama urithi, mjukuu akikishika bila kibali anaitwa jangili.

Sitetei ujangili. Mitego ya waya haichagui, na biashara ya nyama pori ya leo si ile akiba ya familia. Ninachosema ni kwamba hasara ya mila huku haikuletwa na uvivu wa vijana, kama tunavyopenda kulaumu.

Linganisha na wajukuu wa Wanorwei kule Minnesota, Marekani. Babu zao walihama karne ya 19 wakikimbia umaskini, na hadi leo majira ya baridi hukusanyika kwenye kumbi za makanisa kula lutefisk: samaki mkavu aliyelowekwa kwenye maji makali kama ya magadi mpaka akawa laini kama uji mzito. Kilikuwa chakula cha dhiki, sasa ni cha fahari. Mji wa Madison hujiita makao makuu ya lutefisk ya Marekani. Wengi wao Kinorwei hawakijui tena, kama Waikoma wasivyosema Kibatemi. Tofauti ni kwamba samaki wao hawajawahi kupigwa marufuku.

Huku watu wamejitafutia njia. Mbuzi na ng'ombe wamechukua nafasi ya nyumbu, na ukifika Mugumu au Tarime, kichuri kinakusubiri, ule uchungu wa tumboni mwa mnyama ambao mtu wa Mara hauachi. Mwaka 2020 serikali nayo ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori, hivyo nyama ileile inaweza kurudi mezani kihalali, ila kwa kununuliwa.

Na vitabu? Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alihariri Telling Our Own Stories, mkusanyiko wa historia zilizoandikwa na watu wa Mara ya Kusini wenyewe. Ni hazina. Zimo koo, safari na vita. Lakini historia za kabila huku ni kazi ya wanaume, na Shetler mwenyewe mwaka 2019 alirudi na kitabu kingine, Claiming Civic Virtue, kuhusu jinsi wanawake wa Mara wanavyokumbuka mambo kwa njia yao.

Hapo ndipo penye kazi iliyobaki. Mwindaji amekwisha kuandikwa. Yule mkulima aliyemkaribisha, aliyejua nyama ianikwe siku ngapi na ulezi usagwe namna gani, bado anasubiri mwandishi. Kijana wa Robanda mwenye simu anaweza kumrekodi bibi yake jioni hii, na hakuna askari wa wanyamapori atakayemkamata.