Mkono na mguu wa binadamu (maumbile na mwendo)

Mkono na mguu ni viungo vya mwili wa binadamu vinavyotumika kushika, kufanya kazi, kusimama na kutembea. Kwa Kiswahili neno "mkono" huweza kumaanisha sehemu yote kuanzia bega hadi ncha za vidole, na "mguu" kuanzia nyonga hadi vidole. Makala hii inahusu hasa sehemu za mwisho: kutoka kifundo cha mkono hadi vidole, na kutoka kifundo cha mguu hadi vidole. Mifano imetolewa katika maisha ya wakazi wa mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ambako wengi hutegemea kilimo, ufugaji na uchimbaji wa dhahabu.

## Mifupa

Kila mkono una mifupa 27 na kila mguu una mifupa 26. Jumla yake kwa pande zote mbili ni 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa 206 ya mtu mzima. Mpangilio wake unafanana:

* kifundo: mifupa 8 mkononi; mguuni mifupa 7, mkubwa kuliko yote ukiwa ule wa kisigino
* kiganja au wayo: mifupa 5
* vidole: mifupa 14 (kidole gumba kina 2, vingine vina 3 kila kimoja)

Tofauti iko katika uwiano. Mkononi vidole ni virefu na mifupa ya kifundo ni midogo. Mguuni vidole ni vifupi, na mifupa ya nyuma ni minene kwa sababu hubeba uzito wa mwili.

## Mwendo wa mkono

Misuli inayokunja na kunyosha vidole haimo ndani ya vidole vyenyewe. Ile yenye nguvu zaidi iko kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, na huvuta vidole kwa kano ndefu zinazofanya kazi kama kamba. Ukishika kigasha chako na kuchezesha vidole, utaisikia misuli hiyo ikisogea. Misuli midogo ya kiganja husaidia kazi za ustadi.

Kidole gumba ndicho kinachoupa mkono uwezo wake wa pekee. Kiungo cha shina lake kina umbo la tandiko, hivyo kinaweza kuzunguka na kukutana na ncha ya kila kidole kingine.

Mwaka 1956 mtaalamu Mwingereza John Napier aligawa namna za kushika katika makundi mawili makuu:

* mshiko wa nguvu: vidole na kiganja hukumbatia kitu, kama mpini wa jembe, sururu au nyundo. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, hutumia mshiko huu.
* mshiko wa ustadi: kitu hushikwa kati ya gumba na ncha za vidole, kama kalamu, sindano au punje ya dhahabu.

Mchimbaji anayetumia moko na nyundo huhitaji yote mawili: mkono mmoja hupiga kwa nguvu, mwingine huelekeza ncha ya moko mahali panapotakiwa.

## Mwendo wa mguu

Wayo si bapa. Una matao matatu: mawili ya urefu, upande wa ndani na wa nje, na moja la upana. Matao hayo hushikiliwa na mifupa, kano na utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Hulegea kidogo mguu unapotua na kukaza unapoondoka, hivyo hupunguza mshtuko.

Katika kutembea, kisigino hutua kwanza, kisha wayo wote, na mwisho mwili husukumwa mbele kwa kidole gumba. Kidole hicho kinapojikunja kuelekea juu, utando wa chini huvutwa na tao hukaza. Mguu uliokuwa laini huwa mgumu kama wenzo. Nguvu ya kuinua kisigino hutoka kwenye misuli ya shavu la mguu kupitia kano la Achilles, lililo nene kuliko makano yote ya mwili.

Kiungo cha chini ya kifundo huruhusu wayo kuinama ndani au nje. Bila mwendo huo ni vigumu kutembea kwenye mawe au kupanda kutoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, huku umebeba kiroba cha mawe.

## Ushahidi wa kale

Tanzania ina ushahidi muhimu wa historia ya viungo hivi. Nyayo za Laetoli, zilizochimbuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Zinaonyesha viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Katika bonde la Olduvai ilipatikana mwaka 1960 mifupa ya mkono iliyohusishwa na *Homo habilis*, spishi iliyotangazwa mwaka 1964 na Louis Leakey, Phillip Tobias na Napier.

## Madhara ya kazi

Kwenye vidole kano hupita karibu sana na ngozi, kwa hiyo hata jeraha dogo la jiwe au chuma linaweza kulikata. Kidole kisichokunjika au kunyoka baada ya kuumia, au kilichokufa ganzi, kinahitaji hospitali mapema, hata kama damu imekwisha kukauka. Mitikisiko ya mashine za kutoboa mwamba, ikiendelea kwa miaka, huweza kuharibu mishipa ya damu na neva za vidole. Dalili zake ni ganzi na vidole kuwa vyeupe.

Hatari nyingine ni zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu kabla ya kuichoma. Mvuke wake ukivutwa huathiri ubongo na neva. Mifupa na misuli hubaki mizima, lakini mikono hutetemeka na hatua hukosa uthabiti, hata mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati. Ndiyo maana madaktari humwomba mtu aguse pua kwa kidole, aandike, au atembee kwa mstari ulionyooka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unalenga kupunguza matumizi ya zebaki, na Tanzania ni mwanachama wake. Kuchoma mchanganyiko huo ndani ya nyumba huwaathiri pia watoto na wengine wasiofanya kazi mgodini.