Kioo cha Arriflex na Jicho la Mpigapicha wa Sinema

Katika miongo ya mwanzo ya sinema, mpigapicha hakuweza kwa urahisi kuona, wakati kamera ikiendelea kupiga, picha ileile iliyokuwa ikipita kwenye lenzi. Kamera za Mitchell, zilizotawala studio za Hollywood, zilimruhusu kusogeza mwili wa kamera kando na kutazama nyuma ya lenzi, lakini ilibidi aurudishe kabla ya kuanza kupiga. Tangu hapo alitegemea kitazamio cha ubavuni, ambacho kiliyaonyesha mandhari kwa pembe iliyotofautiana kidogo na ya lenzi, kasoro iliyozidi kadiri mwigizaji alivyokaribia.

Ufumbuzi ulitoka Munich, Ujerumani, katika kampuni iliyoanzishwa na August Arnold na Robert Richter mwaka 1917, ambayo mhandisi wake, Erich Kästner, alibuni Arriflex 35, kamera iliyoonyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1937. Ukanda wa filamu hauteremki mfululizo mbele ya lenzi, bali husimama na kuvutwa mara 24 kwa sekunde: unaposimama hupokea mwanga, na unapovutwa na ukucha wa chuma unaoingia katika matundu ya kingoni, shata, yaani bamba linalozunguka, huziba mwanga ili picha isivurugike. Kästner alilifanya bamba hilo kuwa kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, na mwanga uliokuwa ukizibwa bure ukaelekezwa kwenye jicho la mpigapicha. Uzuri wa wazo hili ni kwamba jicho huona nyakati zile tu ambazo filamu imefungiwa mwanga, na bado, kwa wepesi wa mzunguko, kinachoonekana ni picha moja inayotembea, ijapokuwa humetameta.

Mota ilikaa ndani ya mpini na lenzi tatu zilifungwa kwenye sahani ya kuzungushwa, hivyo mtu mmoja aliweza kuibeba mikononi. Wapigapicha wa jeshi la Ujerumani waliitumia katika Vita Kuu ya Pili, na kamera zilizotekwa zikafika Marekani, ambako Delmer Daves alitumia mojawapo katika filamu ya *Dark Passage* ya mwaka 1947, ambayo sehemu yake ya mwanzo huonyeshwa kana kwamba lenzi ndiyo macho ya mhusika mkuu.

Kelele za mitambo, hata hivyo, zilizuia kurekodi mazungumzo karibu na kamera bila kuifunika kwa kasha zito la kuzuia sauti, lililoondoa wepesi wake wote. Ni mwaka 1972, ilipotoka Arriflex 35BL, ndipo kioo cha Kästner kilipopata kamera tulivu ya kubebwa begani.