Waliofukuzwa Wakafungua Duka Lao

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Usemi huo nimeukumbuka wiki hii nilipokuwa nikipanga kanda zangu za zamani, nikakutana na kaseti moja iliyochakaa ya vijana wa mji wa Oakland, jimbo la California, nchini Marekani. Kwenye jalada lake ipo nembo ya kampuni kubwa ya kurekodi iitwayo Jive. Jina hilo la Jive liliondolewa sokoni na wenye mali mwaka 2011. Vijana wale, ambao sasa ni watu wazima, bado wanapanda jukwaani. Leo nataka tutazame imekuwaje mwajiri akatoweka na aliyefukuzwa akabaki.

Habari yenyewe inahusu kundi la muziki wa kufokafoka liitwalo Hieroglyphics. Ndani yake walikuwamo Del, Casual, Pep Love, mtayarishaji na meneja wao Domino, pamoja na vijana wanne waliojiita Souls of Mischief. Wengi wao walifahamiana tangu shuleni. Wa kwanza kutoka alikuwa Del, binamu yake Ice Cube, ambaye mwaka 1991 alitoa albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Elektra. Mwaka 1993 Souls of Mischief wakatoa "93 'til Infinity" kwa Jive, na Casual akafuata mwaka 1994 kwa kampuni hiyo hiyo. Wapenzi wa muziki huo mpaka leo wanaihesabu "93 'til Infinity" miongoni mwa albamu bora za kizazi chake.

Sasa ili tuelewane, lazima nieleze kidogo mkataba wa kurekodi ulivyokuwa. Kampuni humpa mwanamuziki fedha za kutangulia, naye hushangilia kana kwamba kapewa zawadi. Kumbe ule ni mkopo. Sehemu yake katika mauzo kwa kawaida ilikuwa asilimia 10 hadi 15, na gharama za studio na nyinginezo zilikatwa humo humo. Tuseme albamu inauzwa dola 10, na sehemu ya kundi ni dola moja. Kama kampuni imetumia dola 200,000, kundi litauza nakala 200,000 kabla halijaona hata senti, na hiyo dola moja itakayofuata itagawanywa kwa watu wanne. Hata deni likishalipwa, kanda halisi za studio hubaki mali ya kampuni. Ni sawa na mtu aliyelipa mkopo wote wa nyumba, kisha akaambiwa nyumba ni ya benki.

Upepo wa biashara huko California nao ulikuwa umegeuka. Tangu Dk. Dre atoe albamu yake mwaka 1992, kampuni zilikuwa zikitafuta nyimbo za magenge na bunduki. Vijana wa Hieroglyphics walikuwa mafundi wa vina na mizaha ya maneno. Baadaye Jive ikaachana na Souls of Mischief na Casual. Haikupita miaka mingi Elektra nayo ikaachana na Del, albamu yake nyingine ikiwa imekwisha kurekodiwa.

Wengi wangekata tamaa hapo, lakini Oakland ni mji wenye mila yake. Katika miaka ya 1980 Too Short alikuwa akiuza kanda zake mkono kwa mkono na kwenye buti la gari, na MC Hammer naye aliuza santuri zake kwa mtindo huo kabla kampuni kubwa hazijamfuata. Kijana wa mji huo alikua akijua kwamba muziki ni bidhaa, na bidhaa huweza kuuzwa na aliyeitengeneza.

Hieroglyphics waliongeza buti jipya, nalo ni intaneti. Mwaka 1995, wakati watu wengi duniani hawajalisikia hata neno lenyewe, wao walikuwa na tovuti yao, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa za muziki huo. Albamu ya Del iliyokuwa imekosa mwenyewe wakaiuza huko ikiwa katika kaseti. Mwaka 1997 wakaanzisha kampuni yao, Hieroglyphics Imperium, na mwaka 1998 wakatoa "3rd Eye Vision", albamu ya kwanza ya kundi zima. Nembo yao, uso wenye macho matatu na mdomo ulionyooka, aliichora Del mwenyewe. Wakaipiga chapa kwenye fulana na kofia, na faida ikaingia mfukoni mwao.

Nisije nikawadanganya kwamba njia ilikuwa rahisi. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya mawasiliano iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa vituo 40. Baada ya miaka michache kampuni moja tu, Clear Channel, ilimiliki zaidi ya 1,200. Orodha za nyimbo zikaanza kupangwa mbali na mji ambamo zinasikika, na mwanamuziki asiye na kampuni kubwa nyuma yake akazidi kuukuta mlango umefungwa. Hieroglyphics walilipa gharama hiyo. Hawakupata mauzo ya mamilioni. Walizunguka miji midogo kwa midogo, wakaonana na mashabiki wao uso kwa uso.

Hapa nami, kama mtu wa redio, sina budi kujisema. Mlango ule hufungwa na watu kama mimi. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinisubiri getini siku tatu mfululizo, mkononi ana diski ya wimbo aliourekodi kwa fedha zake mwenyewe. Nikaipokea, nikamwambia nitaisikiliza. Sikuisikiliza. Sababu haikuwa ubaya wa wimbo, maana sikuujua. Sababu ni kwamba hakuna mtu mwenye jina aliyeuleta. Diski ile bado imo kwenye mtoto wa meza yangu.

Tuhitimishe hesabu. Mwaka 2002 kundi la makampuni lililoimiliki Jive liliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 2.7, na Souls of Mischief hawakuwa na hisa humo. Lakini mwaka 2001 sauti ya Del ilivuma dunia nzima katika wimbo "Clint Eastwood" wa kundi la Gorillaz, huku yeye akiwa na kwao pa kurudi. Kuanzia mwaka 2012 maelfu ya watu walikusanyika Oakland katika sikukuu ya kundi hilo, Hiero Day. Na mwaka 2023 Souls of Mischief walizunguka kusherehekea miaka 30 ya ile albamu iliyomo kwenye kaseti yangu.

Kwa vijana wetu wanaoimba nasema hivi: kabla hujatia saini, uliza kanda itakuwa ya nani. Fedha za kutangulia zitakwisha, lakini swali hilo litakufuata mpaka uzeeni. Na kwa sisi tunaokaa nyuma ya kipaza sauti, tukumbuke kwamba wimbo hauna uzito zaidi kwa sababu umeletwa na gari kubwa. Mimi nitaanza na ile diski iliyo mezani kwangu.