Jiwe la Mizani la Nuru

Mwuza sukari wa Eldas hupima kwa mawe ya mizani. Jiwe likipungua, mnunuzi hudhulumiwa, hata kama mizani yenyewe ni nzima. Waganga nao wana vyombo vya kuupima mwili kwa nuru, na vyombo hivyo vyahitaji jiwe lake. Jiwe hilo huitwa sanamu. Lakini halina kichwa wala mikono. Ni kipande cha kitu kinachopitisha nuru kama nyama ya mtu ipitishavyo.

Habari hii ina asili ya mbali. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota huko Uingereza, aliugawa mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi. Kipimajoto kilichokuwa nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, kilipanda kuliko vyote. Ndipo ilipojulikana kuwa iko nuru ambayo jicho haliioni.

Mwaka 1974 Takuo Aoyagi wa Japani alieleza njia ya kupima oksijeni ya damu kwa nuru, bila kumtoboa mtu. Kutokana na njia hiyo kilipatikana kifaa kinachobanwa kidoleni. Hulinganisha nuru nyekundu na ile isiyoonekana, kwani damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa nayo hazizifyonzi nuru hizo kwa kiasi kimoja. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kuwa nuru isiyoonekana hupenya hata fuvu la kichwa na kuleta habari za ubongo.

Je, chombo cha namna hii kitaaminiwaje? Mwili hubadilika kila saa. Haufai kuwa jiwe la mizani. Hapana budi kutengeneza sanamu isiyobadilika. Vitu vyake si vigeni kwako, msomaji. Jelatini, itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama, hushikamanisha mchanganyiko. Maziwa hutiwa kwa kuwa chembe zake za mafuta huitawanya nuru huku na huku, kama nyama ifanyavyo. Wino wa masizi, ndugu wa wino wa makaa uandikiwao ubao wa chuoni, huifyonza nuru kwa niaba ya damu.

Lakini jelatini huoza, na joto la mchana wa Eldas laweza kuiyeyusha. Kwa hiyo mwaka 1993 Michael Firbank na David Delpy wa London walieleza sanamu ya plastiki ngumu, ili kipimo cha leo kiweze kulinganishwa na cha mwakani.

Sasa tutazame jambo zito zaidi. Weusi wa ngozi yetu watokana na melanini, nayo hufyonza nuru, na ile nyekundu huifyonza kuliko ile isiyoonekana. Kwa miaka mingi vifaa vya kidoleni vilijaribiwa zaidi juu ya watu weupe. Desemba 2020, wakati wa Korona, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza uchunguzi wao wa wagonjwa wa Marekani. Kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88 katika vipimo kama 12 kwa kila 100 vya wagonjwa weusi. Kwa weupe, kama 4 tu. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kuambiwa hajambo, kumbe anahitaji mtungi wa oksijeni upesi.

Kifaa hakikuwa na chuki. Kilipimwa kwa jiwe lililopungua. Siku hizi baadhi ya mafundi huzipaka sanamu tabaka la juu lenye weusi wa viwango mbalimbali, na majaribio juu ya watu wa rangi zote yanahimizwa.

Basi, kijana, uonapo kipimo chochote, usiulize tu kimesema nini. Uliza pia: kilithibitishwa juu ya nani? Na kama jibu si wewe wala watu wako, jifunze elimu hii, uwe miongoni mwa watakaolichonga jiwe lililo sawa.